Anton de Bary na kiumbe aliyekosa ukoo

Nyuma ya kiwanda kimoja cha mbao karibu na Mafinga kuna lundo la unga wa mbao lililokaa misimu na misimu, mpaka tabaka zake za chini zimeoza na kuwa nyeusi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi, juu ya lundo hilo, nilikuta kitu cha njano kali, kipana kuliko kiganja changu, kimelowa, kimejitandaza, na pembeni kimetoa mishipa myembamba inayogawanyika na kuungana tena. Nikachomeka kijiti karibu yake ili picha iwe na kipimo, nikapiga, nikaenda zangu.

Kesho yake nikapita tena. Kijiti kilikuwa palepale, lakini kile kitu kilikuwa kimehama. Kilikuwa kimeparamia kipande cha gome na kuanza kugeuka. Ngozi yake ya juu ilikuwa imekakamaa, na nilipoigusa ikapasuka, likatoka vumbi jeusi laini.

"Huo ni ukungu tu, kaka," akaniambia kijana mmoja aliyekuwa anapakia mbao.

Ukungu hautembei.

Kwa wiki kadhaa jambo hilo halikunitoka. Jina nililipata upesi kwa kulinganisha picha: Fuligo septica, mmoja wa viumbe ambao wataalamu wanawaita ukungu wa ute. Lakini jina halikunituliza. Nilitaka kujua ni nani aliyekaa chini akamtazama kiumbe huyu tangu mwanzo wa maisha yake hadi mwisho, na alifanya nini alipoona hana pa kumweka. Kutafuta huko kulinifikisha Ujerumani ya karne ya 19, kwa mtu aitwaye Heinrich Anton de Bary, na tangu hapo nasoma kila ninachokipata juu yake.

## Daktari aliyeacha wagonjwa

De Bary alizaliwa Frankfurt am Main tarehe 26 Januari 1831, katika nyumba ya watoto kumi. Baba yake alikuwa daktari, na ndiye aliyemhimiza kufuatana na watu wa mji ule waliokuwa wakienda porini kukusanya mimea. Mmoja wa waliomvuta katika elimu hiyo ni Georg Fresenius, naye daktari, aliyekuwa akifundisha botania mjini hapo na kupenda mno viumbe wadogo wasio na maua: mwani, kuvu na jamaa zao.

Kijana akafuata njia ya baba. Akasoma udaktari Heidelberg, Marburg, kisha Berlin, alikomaliza mwaka 1853. Ila tasnifu aliyoiandika ili apewe udaktari haikumhusu mgonjwa yeyote. Ilihusu uzazi wa mimea. Na mwaka huohuo, akiwa na miaka 22, akatoa kitabu juu ya kuvu wanaoleta kutu na fugwe kwenye mazao, yale magonjwa yanayoacha unga wa rangi ya kutu au mweusi kwenye mimea.

Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa. Wakati ule wasomi wengi waliamini kwamba kutu na fugwe ni matokeo ya ugonjwa wa mmea. Mmea umeugua, utomvu wake umeharibika, basi ule unga wa rangi ya kutu unachipuka kutoka ndani yake wenyewe. Franz Unger, mtaalamu mkubwa wa Austria ambaye naye alisomea udaktari, aliufananisha na vipele vinavyomtoka binadamu mwenye homa. De Bary akasema hapana. Ule unga ni kiumbe kamili, ana wazazi wake, ana mbegu zake, amekuja kutoka nje, na yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa.

Fikiria uzito wa kugeuza jambo hilo. Kama kuvu ni zao la ugonjwa, mkulima hana la kufanya ila kuomba hali ya hewa ibadilike. Kama kuvu ndiye chanzo, basi anaweza kuzuiwa mlangoni.

Alifungua shughuli ya udaktari Frankfurt, lakini hakudumu nayo. Mwaka 1854 alikwenda Tübingen kufanya kazi chini ya mtaalamu wa mimea Hugo von Mohl, na 1855 akapewa nafasi Freiburg, kusini karibu na msitu mkubwa. Huko ndiko alikomfuata yule kiumbe wa ute.

## Ndani ya tone la maji

Kabla ya de Bary, hawa viumbe walikuwa na makao yao kwenye vitabu. Elias Fries wa Sweden, ambaye neno lake juu ya kuvu lilikuwa kama sheria, aliwaweka jirani na wale uyoga wa mviringo wanaotoa moshi ukiwakanyaga. Kwa mwenye kuangalia kiumbe aliyekwisha kukomaa, huo ni uamuzi wa busara kabisa. Kuna kifuko, ndani ya kifuko kuna vumbi la spora, yaani chembe ndogo za uzazi, na vinginevyo havionekani.

Tatizo ni kwamba alitazamwa akiwa tayari amemaliza maisha yake.

De Bary alifanya jambo jepesi kulieleza na gumu kulitenda. Alichukua spora, akaziweka kwenye tone la maji chini ya hadubini, akasubiri. Spora ya kuvu wa kawaida inapoamka hutoa uzi. Uzi unarefuka, unatoa matawi, na nyuzi hizo ndizo mwili wa kuvu. Kila mtu wa fani yake alijua hivyo, na bila shaka alitegemea kuona uzi.

Uzi haukutoka.

Ganda la spora lilipasuka na kilichokuwa ndani kikateleza nje kizima kizima, kitone kidogo cha uhai kisicho na ukuta wowote. Kikatulia kidogo. Kisha kikatoa mkia mwembamba na kuanza kuogelea kwa kurukaruka. Baadaye vingine viliacha kuogelea vikawa vinatambaa kama amiba, vinabadilisha umbo kila dakika. Uyoga hauanzi maisha namna hiyo.

Akaendelea kufuatilia hatua zilizobaki. Ule ute wa njano, unapoutazama kwa hadubini, haujatulia hata kidogo. Ndani ya mishipa yake maada inatiririka upande mmoja, inapunguza mwendo, inasimama, halafu inarudi ilikotoka, na baada ya dakika moja hivi inageuka tena, kama bahari inavyojaa na kupwa. Kitu chote kile, hata kiwe kipana kama sahani, ni seli moja yenye viini maelfu kwa maelfu. Ute huo unatambaa juu ya gogo ukiwameza bakteria na spora za kuvu. Unakula vitu vigumu kwa kuvizingira na kuvitia ndani ya mwili. Ukame ukija unajikausha na kungoja. Njaa ikizidi, au ukiwa tayari, unatoka gizani, unapanda mahali pakavu, na kujigeuza kuwa vifuko vya vumbi. Ndicho nilichokikuta Mafinga bila kujua nakitazama nini.

Sehemu moja ilibaki wazi: vile vitone vidogo vinakuwaje ute mkubwa? Hiyo ilijibiwa mwaka 1863 na Leon Cienkowski, Mpolandi aliyefanya kazi katika Dola la Urusi, ambaye alionyesha kuwa vinaungana na kuyeyukiana. Ni yeye aliyeupa ute huo jina la plazmodiamu, miaka zaidi ya ishirini kabla ya Waitaliano kulichukua jina hilo na kumpa kijidudu cha malaria.

## Kichwa kidogo cha kitabu

Mwaka 1859 de Bary alichapisha utafiti wake mkubwa. Nilipofika hapa nilisimama muda mrefu.

Kwanza, alikochapisha. Profesa wa botania, mwajiriwa wa kufundisha mimea, alipeleka kazi yake kwenye jarida la Kijerumani la elimu ya wanyama. Pili, jina alilolibuni kwa kundi hili: Mycetozoa, yaani wanyama-kuvu. Tatu, maneno aliyoyaweka chini ya kichwa: mchango katika kuwajua wanyama wa chini kabisa. Aliwatoa viumbe hawa katika milki ya fani yake mwenyewe, akawakabidhi kwa jirani.

Nimejaribu kuwaza ilimgharimu nini. Alikuwa na miaka 28, uprofesa kamili ndiyo kwanza ameupata. Wakubwa wake katika botania walikuwa wamejenga mpangilio wao juu ya mstari mmoja mnene kati ya mimea na wanyama, na kuvu walihesabiwa upande wa mimea. Kijana anakuja na tone la maji anasema mstari umekatiza mahali pasipo. Wapo waliompinga kwa maandishi, wakishikilia kuwa hawa ni kuvu na watabaki kuvu. Si vigumu kuwaelewa. Kiumbe anayetoa spora, anayeota kwenye gogo bovu, anayekaa bila kutikisika mwisho wa maisha yake, kwa macho ya kawaida ni kuvu.

Halafu inakuja 1864.

Mwaka huo alitoa kazi ile upya kama kitabu, Leipzig, ikiwa imepanuliwa. Jina Mycetozoa liko palepale. Lakini maneno ya chini yamebadilika. Hayasemi tena wanyama wa chini kabisa. Yanasema viumbe wa chini kabisa.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Miaka mitano tu imepita. Ushahidi wa kuwa hawa si mimea haujapungua, umeongezeka, kwani Cienkowski ameshaleta jibu lake. Kwa nini basi aondoe neno wanyama? Wengine wanaweza kusema alirudi nyuma kwa kuogopa kelele. Mimi siamini hivyo. Mtu mwenye hofu angewarudisha kwenye kuvu na kuliacha jina alilolibuni. Yeye alilibakiza jina na hakuwarudisha. Naona alikuwa amegundua kwamba kuwatoa upande mmoja hakumlazimishi kuwaingiza upande wa pili. Alikuwa na hakika na alichokiona, na kwa kile ambacho hakukiona hakutaka kudai zaidi.

Miaka miwili baadaye, 1866, mwanabiolojia Mjerumani Ernst Haeckel alipendekeza ufalme wa tatu, Protista, kwa viumbe wasioingia kwa mimea wala kwa wanyama, na ukungu wa ute akautia humo. Mwaka 1868, katika mhadhara maarufu Edinburgh, mwanabiolojia Mwingereza Thomas Huxley aliwaeleza wasikilizaji wake juu ya ute huohuo wa njano, unaoota kwenye mashimo ya watengeneza ngozi, akautaja uchunguzi wa de Bary, kisha akauliza kama huyu ni mmea, ni mnyama, ni vyote viwili, au si kimojawapo. Swali lililoanzia kwenye tone la maji Freiburg lilikuwa limefika kwa watu wa mjini waliokuja kusikiliza hotuba ya Jumapili jioni.

## Viazi

Ningemaliza hapo kama de Bary angekuwa mtu wa ute peke yake. Lakini ukimsoma kwa mpangilio wa miaka unaona jambo jingine likiendelea sambamba, na ndilo lililogusa matumbo ya watu.

Mwaka 1845 viazi vilianza kuoza mashambani Ulaya. Ireland, ambako maskini walitegemea viazi karibu peke yake, watu wapatao milioni moja walikufa katika miaka iliyofuata, huku watawala wao wa Uingereza wakiacha chakula kingine kiendelee kusafirishwa nje. Sababu ya kuoza ilibishaniwa miaka mingi. Wengine walisema ni mvua na baridi, wengine mbegu imechoka. Mwaka 1846 kasisi wa Kiingereza, Miles Berkeley, aliandika kwamba ule ukungu mweupe chini ya majani ndio chanzo, wala si matokeo. Wachache walimsadiki.

De Bary aliuchukua ukungu ule na kuufanyia alichoufanyia ute. Aliuweka kwenye maji na kusubiri. Vifuko vyake vidogo vikafunguka na kutoa spora zenye mikia, zinazoogelea. Ziliogelea kwa muda, zikatulia juu ya jani, zikatoa uzi mwembamba, na uzi ukapenya ndani ya jani zima lisilo na ugonjwa wowote. Alipopanda spora, doa la kahawia lilitokea palepale. Ambako hakupanda, jani lilibaki kijani. Mwaka 1861 akatoa kijitabu kuhusu ugonjwa huo, chanzo chake na namna ya kuuzuia.

Mtu ambaye miaka michache nyuma alikuwa ameona kitu cha kuvu kikiogelea hakushtuka kukiona tena. Sisemi kwamba ute ndio uliomfundisha viazi, ila jicho ni lilelile na subira ni ileile.

Mwaka 1876, katika ripoti aliyowaandikia wakulima wa Uingereza kupitia jarida la chama chao cha kifalme cha kilimo, ndipo alipompa kiumbe huyo jina analolibeba mpaka leo, Phytophthora infestans. Mkulima wa viazi mviringo Njombe, Lushoto au Nyandarua anamjua kwa kazi yake: bakajani chelewa, linaloweza kulimaliza shamba zima kwa siku chache mvua na ukungu wa asubuhi vikishikana. Na ajabu ni kwamba sayansi ya leo imemtoa naye kwenye kuvu. Yuko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini kuliko uyoga.

Kutu ya ngano nayo ilikuwa vivyo hivyo. Wakulima wa Ulaya na Marekani walishaona zamani kwamba ngano iliyo jirani na kichaka chenye miiba kiitwacho baberi hupata kutu zaidi, na Massachusetts ilitunga sheria ya kuving'oa mwaka 1755. Wasomi wengi walidhani ni imani za watu wa shamba. Mwaka 1865 de Bary alizichukua spora za kutu ya ngano zilizolala majira ya baridi, akazipanda kwenye majani ya baberi, na yakatokea mabaka ya njano ambayo mpaka wakati ule yalihesabiwa kuwa kuvu wa aina nyingine kabisa. Kumbe ni mmoja, anayeishi nusu ya maisha yake huku na nusu kule. Wakulima walikuwa sahihi. Nampenda kwa hilo: hakudharau kauli ya mkulima kwa sababu tu haikutoka chuoni.

Ugonjwa huohuo, aina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998 na kupewa jina Ug99, ndio uliowafanya watafiti wa ngano wa dunia kupeleka mbegu zao Njoro, Kenya, zikapimwe.

## Strasbourg

Hapa nina kigugumizi, na sitakificha.

Agosti 1870, katika vita kati ya Wajerumani na Wafaransa, mizinga ya Kijerumani iliuzingira mji wa Strasbourg na kuupiga mabomu, na maktaba yake, pamoja na hati za kale zisizo na nakala, ikaungua usiku mmoja. Mji ukatwaliwa. Mwaka 1872 washindi walifungua chuo kikuu kipya kilichokusudiwa kuonyesha ukuu wa elimu ya Kijerumani kwenye ardhi iliyotekwa. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Anton de Bary, aliyetoka Halle, alikofundisha tangu 1867.

Sisi tunaotoka katika nchi zilizojengewa shule na waliozitawala hatuwezi kulisoma hilo na kupita. Chuo kilikuwa chombo cha utawala. Yeye alikubali kukiongoza.

Na bado, maabara aliyoijenga humo iliwakusanya watu ambao utawala usingewakusanya. Walikuja Warusi, Wapolandi, Waingereza, Wamarekani. Mmoja wao, Józef Rostafiński, kijana aliyezaliwa Warszawa, alipewa kazi ya kuwapanga viumbe wa ute kwa utaratibu, akatoa tasnifu yake kwa Kijerumani mwaka 1873. Kisha akaandika kitabu chake kikubwa, kilichokuja kuwa msingi wa elimu ya ukungu wa ute kwa miaka mingi, na akakiandika kwa Kipolandi. Poland wakati ule haikuwako kwenye ramani, imegawanwa na dola tatu. Waingereza waliotaka kukitumia ilibidi watafute mtu wa kuwafasiria. Nilipolisoma hilo nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Wanafunzi wengine walikwenda mbali kwa njia zao. Oskar Brefeld, aliyepita kwake Halle, alieleza mwaka 1869 kiumbe mwingine wa ajabu, Dictyostelium, aliyempata kwenye mavi ya wanyama. Amiba zake huishi kila moja peke yake, na njaa ikija hukusanyika, zinajenga kikonyo, nyingine zinakufa ndani ya kikonyo ili nyingine ziwe spora juu yake. Brefeld alidhani zinayeyukiana kama zile za de Bary, na Mfaransa Van Tieghem akaonyesha mwaka 1880 kwamba kila amiba inabaki yenyewe. Brefeld alipofuka uzeeni kwa presha ya macho, mtu aliyeishi kwa hadubini. Naye Alexis Millardet, Mfaransa aliyesoma kwa de Bary Freiburg, ndiye aliyetangaza mwaka 1885 mchanganyiko wa mrututu na chokaa wa kukinga mizabibu ya Bordeaux dhidi ya ukungu. Wazee wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao mabomba yao ya kupulizia yaliacha majani na nguo zao zikiwa na madoa ya buluu, ni warithi wa kazi hiyo.

Mwaka 1878, akizungumza mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Kassel, de Bary alilieleza jambo la viumbe wa koo tofauti kuishi pamoja, akaliita simbiosisi. Mfano wake mkubwa ulikuwa likeni, ile ngozi ya kijivu na kijani kwenye mawe na magome, ambayo ni kuvu na mwani ndani ya mwili mmoja. Watu wengi wanadhani alimaanisha urafiki. Hapana, hata vimelea aliwahesabu humo. Kwake ilitosha kwamba wawili wasio wa ukoo mmoja wanaishi pamoja, iwe kwa faida au kwa maumivu. Sijui kama alipoyasema hayo alikuwa akiufikiria mji aliokuwa akiishi.

Alifariki Strasbourg tarehe 19 Januari 1888 kwa uvimbe wa taya, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 57. Mji ulirudi mikononi mwa Wafaransa baada ya vita ya kwanza ya dunia. Kwenye bustani ya mimea aliyoisimamia ikijengwa, nyumba moja ya vioo ya pande kumi na mbili ingali imesimama, na Wafaransa wanaiita kwa jina lake.

## Je, alikosea?

Kwa vipimo vya vinasaba, ukungu wa ute si mimea, si wanyama, si kuvu. Wamo kwenye kundi la Amoebozoa, pamoja na amiba, kwenye tawi ambalo kwa umbali limekaribiana na wanyama na kuvu kuliko mimea. Mwaka 1997 Sandra Baldauf na W. Ford Doolittle walipochapisha uchunguzi wao wa asili ya viumbe hawa, jina walilolitumia lilikuwa lilelile la 1859, Mycetozoa.

Kwa hiyo mwaka 1859 alikosea kuwaita wanyama, na mwaka 1864 alipatia kwa kukataa kuwaita chochote zaidi ya viumbe. Lakini mimi nauheshimu hata mwaka 1859. Asingekuwa na ujasiri wa kuwatoa kwenye kuvu, asingefika kwenye swali la wapi pa kuwapeleka. Na taratibu za kutoa majina ya kisayansi mpaka leo hazijamfuata: ukungu wa ute unapewa majina kwa kanuni zinazoongoza mwani, kuvu na mimea, kwa sababu ya mazoea ya wale wale waliompinga.

## Magome ya huku kwetu

Watu wa Tanzania wanaotaka kuanza hawaanzi gizani. Marja Härkönen wa Finland na wenzake walikusanya ukungu wa ute katika nchi hii, na tangu 1991 wamechapisha orodha zao. Kazi ipo, ila imekaa kwenye majarida ambayo mwalimu wa biolojia wa sekondari ya kata hatayaona kirahisi. Duniani kote wamekwisha kuelezwa aina zipatazo elfu moja, na nyingi ni ndogo kiasi kwamba gogo zima unaweza kulipita bila kuziona.

Njia ya kuzipata haihitaji maabara. Chukua vipande vikavu vya gome la nje kutoka mti ulio hai. Tandika karatasi nyeupe ya tishu kwenye sahani pana, panga magome juu yake bila kubanana, mimina maji safi mpaka yalowe vizuri, funika. Kesho yake mwaga maji yaliyozidi. Weka sahani mahali penye mwanga lakini pasipopigwa jua, na usiache karatasi ikauke. Kila siku, kwa wiki kadhaa, pitisha lenzi ya mkono polepole juu ya kila gome, hasa kwenye nyufa. Unatafuta vitone vinavyong'aa, nyuzi za ute, au vifuko vyenye vikonyo vyembamba kuliko uzi wa kushonea.

Walimu wanaosoma hapa, jaribuni na wanafunzi wenu. Andikeni tarehe, andikeni gome ni la mti gani, pigeni picha kila siku kutoka upande uleule bila kuisogeza sahani, hata siku ambazo hakuna kinachoonekana. Nitumieni zote, na zile za sahani tupu pia.